Jikoni Haikae Mbele

Kasanduku ka kwanza nilikata peke yangu, hakuna mutu alinionyesha. Kalikuwa ka dawa ya malaria, ile kartoni ndefu yenye batu ba farmasi banatupaka nyuma ya butiki yabo. Nilitoboa tundu mbele, ya kuingiza jicho. Nikafungua kidogo juu mwangaza uingie. Kisha nikapanga karatasi ndani, moja nyuma ya ingine: ya mbele nilikata sawa majani, ya pili sawa nyumba, ya tatu sawa bilima. Nikaangalia. Nikapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mukononi, anazani nimeungua.

"Mama, angalia! Iko mbali!"

Akaweka jicho. "Ni kartoni ya dawa," akasema. Mais lakini jicho lake lilibakia pale, na maharagi ikashika chini ya sufuria.

Njo vile ilianza. Masomo niliacha mapema, Kifaransa nilijifundisha kwa radio, kukata karatasi nilijifundisha kwa wembe na kidole ya kutoka damu. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, mangaribi, batoto ba kartie, ba mutaa yetu, bakawa banajaa kwa baraza yetu, hapa Butembo, kila mumoja na kartoni yake: ya sabuni, ya chai, ya biatu kama baba yake ametajirika. Kole ya kubandika karatasi tulikuwa tunapika na bunga ya mihogo, mpaka kuku bakawa banakuja kudonoa bilima yetu. Rangi tulitosha kwa kalandari ya zamani na kwa mafoto ya uchaguzi. Mukubwa mumoja mwenye alituahidi barabara, tulimukata akakuwa ngombe na paa ya kanisa. Ile njo kazi pekee alitufanyia.

Kila karatasi ya ndani tulikuwa tunaita rido, juu inafunika kidogo ile ya nyuma yake, sawa rido ya mulango, ile pazia. Na mi niliweka sheria. Rido ya kwanza ni barabara, juu mugeni anatokea barabarani. Kisha parseli, ile kiwanja ya mbele ya nyumba. Kisha nyumba. Nyuma ya nyumba jikoni, nyuma ya jikoni migomba, mwisho mulima. Mutoto akikosea, napiga kelele:

"Jikoni haikae mbele! Mugeni unamupokea na moshi?"

Batoto bote bakawa banajua. Hata bale badogo kabisa, bale banakula kole, banasema nyuma yangu: "Jikoni haikae mbele, yaya," vile banaita dada mukubwa.

Sasa, ile mwaka batu ba upande ya Mbau, kule mbele ya Beni, balikuwa banashuka sana. Mi sitaeleza bintu yenye balikuwa banakimbia. Mwenye iko huku anajua, na mwenye haiko huku hata nikieleza ataniuliza "kwa nini", na mi nitamutukana. Banashuka na malori, na magodoro, na mbuzi. Kwetu batu bengi habaendake kambini, banaingia mu manyumba ya batu. Mama alienda kwa parkingi, akakuta mwanamuke mumoja amekaa chini na batoto bamemuzunguka, akabaleta bote kwetu. Bakakula, bakalala.

Asubui yake ule mwanamuke akapata habari ya ndugu yake. Akafunga bintu, akabeba mudogo kwa mugongo, akapanga bengine. Akaaga. Na kasichana kamoja kamebaki kamekaa kwa mukeka, miguu imenyooshwa, kanaangalia mulango.

Mama akamwita: "Mama! Unasahabu mutoto!"

Mwanamuke akageuka. "Ule? Ule haiko wangu. Nilizani ni wa kwenu."

"Wa kwetu namna gani? Alikuja na we!"

"Alikuwa ndani ya lori. Njia nzima ananiita mama."

"Kila mutoto anaitaka kila mwanamuke mama!"

"Basi," akasema, na sauti yake ikakatika, "na mi nilikuwa naitika."

Akaenda. Kasichana hakakulia. Kakakunja mukeka.

Tukamuuliza jina. Akasema. Mama akafunga macho. Kwetu Banande mutoto anapewa jina kufuata namba alizaliwa: binti wa kwanza ile, wa pili ile, kijana wa tatu ile ingine. Na jina yake ilikuwa ya binti wa pili. Basi. Ile jina ukiita kwa soko ya Butembo, nusu ya bamama banageuka. Tukauliza jina ya mama yake. "Mama." Ya baba yake? "Tata." Kwenu ni wapi? Akatuangalia sawa sisi njo hatuna akili.

"Kwetu," akasema.

Kisha misa, kule parokia, bakatangaza kwa mikro: kasichana ka hii jina, katoka upande ya Mbau, mwenye anakajua asogee. Mwanamuke mumoja akatoka nyuma ya kanisa mbio, anasukuma batu, kitambaa imeanguka. Akafika, akashika uso ya katoto na mikono mbili. Akaangalia. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, vile vile, na kanguo kake ka kanisa. Haikuwa wake. Hakujatoka hata mutu wa kumuinua, mwingine akafika mbio, na ye vile vile. Nikamuambia mama: "Kumuita tena kwa mikro, hapana. Utauwa bamama ba batu."

Kisha njo akakuja papa mumoja wa serikali, wa service ya batoto. Si mutu mubaya, niseme ukweli. Alitumwa huku toka Kasai, mushahara inachelewa, viatu inapanguswa kila asubui. Akakaa kwa kiti yetu nzuri, akaandika, akasema mwisho wa mwezi gari itapita, itapeleka batoto benye hawana mutu kwa center moja mbali sana, fasi banaongea Lingala.

Moto ikanishika. "Papa, uko na batoto?"

"Niko nabo, ma fille. Kule kwetu."

"Mumoja akipotea, unataka bamupeleke Butembo? Bamulishe bugali, bamufundishe Kinande, asahabu hata namna unaitika wakati anakuita?"

"We! Nyamaza," mama akasema. "Ongea na papa vizuri."

"Naongea vizuri! Huyu sasa anajua Kinande tu na Kiswahili kidogo. Akisahabu ile, njo atakuwa amepotea kabisa. Sasa hajapotea. Sasa ni sisi tumepotea!"

Papa akaweka kalamu chini. "Mi natumika na sheria. Niletee mutu mumoja wa damu yake. Mumoja tu, mwenye atakuja na miguu yake aseme: huyu ni wetu. Mi nitamuacha. Kama hapana, ataenda."

Akatoka. Kasichana kalikuwa nyuma ya mulango, kamesikia yote. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamuambia: "We hauende na ile gari. Yaya amesema." Mama akaniangalia. Alikuwa anajua sina kitu mukononi ya kushikilia ile neno. Na mi nilikuwa najua.

Siku ya posho nikamupatia kartoni ya dawa, sawa yangu ya kwanza. Wembe sikumupatia, akawa anapasua karatasi na vidole, polepole, ulimi umetoka inje. Nikawaza: hajue jina ya kwabo, mais macho anayo. Nikamuuliza:

"Kwenu, mbele kuko nini?"

"Mafiga."

Batoto bote bakacheka. "Yaya, huyu analalaka jikoni!" "Kwenu hamuna salon?" Nikabapiga na macho, bakanyamaza.

"Mafiga ni mawe ya jikoni, mupenzi. Mi nauliza mbele. Mbele mbele."

"Mafiga," akasema tena.

"Sawa. Kisha?"

"Kakao kwa shitingi." Kwabo bananika kakao inje, juu ya hema ya plastiki.

"Kisha?"

"Muti ya kengele." Akapasua muti yenye matawi mbili, na katikati akaning'iniza kitu ya mviringo. Niliangalia muda kidogo njo nikatambua: jante ya gari, ile chuma ya ndani ya gurudumu. Kule mu bijiji, kapela, kale kakanisa kadogo, haina kengele, bananing'iniza jante, banapiga na chuma.

"Kisha?"

"Mulima. Kichwa yake ni cheupe."

Pale mama akaacha kuchagua mchele. Ile mulima yenye theluji sisi huku Butembo hatuionake. Inaonekana kule upande ya Beni, asubui, kama mawingu imefunguka. Nikakamata tukaratasi twake, nikapaka kole, nikapanga kufuata sheria: muti ya kengele mbele, juu kapela inakaa barabarani. Kisha kakao, juu ni ya parseli. Kisha mafiga, nyuma. Kisha mulima.

Akaangalia ndani. Akaingiza kidole, akatosha mafiga, akaweka karibu na tundu.

Nikarudisha nyuma. "Jikoni haikae mbele."

Akatosha tena.

Nikarudisha tena, na kole mingi. Kisha nikakata mama kwa karatasi nyekundu, mama muzuri, na kitambaa kwa kichwa. "Huyu tumuweke wapi? Hapa kwa moto?" Akakatosha, akanirudishia kwa kiganja yangu. "Hapana."

"Kwa mulango?"

"Hapana. Mama haiko mule."

Nikasimama, nikaenda kusimama nyuma ya choo, nikauma kitambaa yangu batoto basinisikie. Nilizani nimeelewa. Nilizani amesha kuona mama yake anakufa.

Siku ingine nikapeleka kasanduku kwa bamotari, bale ba pikipiki ya kubeba batu, kule parkingi ya Beni. Bale banajua kila jiwe ya ile barabara.

"Yaya, unauzisha sinema?"

"Weka jicho, mufupi we! Na usiguse na mafuta yako."

Bakapokezana. Bakacheka. Mumoja mwenye anaendaka mpaka Oicha hakucheka. Akaniuliza: mulima iko nyuma ya nyumba? Nikasema iko nyuma. Akasema basi nyumba iko upande ya barabara yenye jua inatokea, juu ile mulima iko kule, atatafuta. Alienda, akarudi kisha siku kidogo, vumbi mpaka kwa kope.

"Niliangalia kila kapela. Kengele ya jante, iko. Kengele ya jante na nyumba na mulima nyuma ya nyumba, haiko. Umetengeneza fasi yenye haiko."

Nikamuambia maneno juu ya macho yake na juu ya mama mwenye alimuzaa. Alistahili shukrani, mi nikamutukana. Nilirudi nyumbani naburura miguu. Mwezi ilikuwa inaisha. Kasichana akaniangalia mikono, akaona kasanduku, akakakamata, akaenda kukaa nako kwa mukeka.

Kisha mvua. Mvua ya Butembo, ile inaanguka toka asubui, ndongo nyekundu inaingia mpaka kitandani. Sisi bote jikoni, juu njo fasi moja yenye joto. Mama alikuwa kwa kiti kadogo mbele ya moto anamenya mihogo. Kasichana akapita pale katikati, akajisukuma nyuma-nyuma kati ya magoti ya mama, akakaa, akainua kasanduku, jicho moja kwa tundu, jicho ingine imefungwa. Anaangalia ndani, anaangalia inje. Ndani, inje.

Mi nikainama nimuambie atoke, moshi itamuumiza. Na pale chini, kichwa yangu kando ya kichwa yake, nikaona.

Mafiga mbele, karibu kabisa. Kisha mulango ya jikoni. Kisha kamba ya nguo. Kisha avoka ya jirani. Kisha, mbali, kilima na mawingu.

Marido. Yote kwa mustari, moja nyuma ya ingine, na ya kwanza ni jikoni.

"Mama," nikasema. "Mama, mi ni mujinga."

"Hiyo najua. Nini?"

"Hakuwa mugeni! Mi namuuliza sawa mutu anatoka barabarani, na ye ni wa mule! Anakaaka ndani, anaangalia inje!"

Kasichana akanipatia kasanduku. Nikalowesha kole na mate, nikatosha marido yote, na ye njo akapanga. Mafiga. Kakao. Muti ya kengele. Mulima. Akaweka jicho. Akapumua sawa mutu mwenye ameshusha muzigo. Nikamuuliza mara ya mwisho juu ya mama, akatikisa kichwa. Nikaacha.

Asubui nikapanda gari ya Beni, kasanduku kwa magoti. Kwa barière, fasi askari banafunga barabara, basoda bakatushusha. Mumoja, kijana, pengine sawa mi tu, akanyoosha kidole kwa kasanduku, akauliza kwa Lingala.

"Eloko nini oyo?"

"Ni nyumba, shefu."

"Nyumba? Na tundu?" Akainyakua, akatikisa kwa sikio. Nikasikia mulima inaanguka ndani. Na mi, na akili yangu yote, nikamupigia soda kelele:

"Unavunja kwabo mutoto! Tikisa tena, utaona!"

Bamama ba gari bakanivuta kitenge. "Nyamaza we! Utatuuwisha!" Dereva akaanza kuomba kwa sauti. Soda akaniangalia, kisha akaweka jicho kwa tundu, sijue ni kwa kunicheka. Akabakia pale.

"Jikoni njo iko mbele," akasema, Kiswahili yake mubovu. "Ni sawa mama anapika, we uko nyuma ya moto."

"Ndiyo, shefu."

Akanirudishia na mikono mbili. "Kende," akasema. Enda.

Beni nilienda moja kwa moja kwa depo ya kakao, fasi bamama banachaguaka mbegu. Bamekaa chini mustari mrefu, mikono inaenda, midomo inaenda zaidi. Nikasalimia, nikarudishia mulima fasi yake, nikapitisha kasanduku.

"Mm, kasichana ka Butembo, unatuletea dawa?"

"Angalia tu, mama."

"Naona mafiga. Na mi yangu nimeacha kule, unikatie na sufuria!"

Ikapita mukono kwa mukono. Mumoja munene, mwenye kucheka na mabega, akaweka jicho, mabega ikasimama.

"Wee. Wee! Ni ile nyumba yenye ilipatia barabara mugongo!"

Bengine bakainua kichwa. Akaeleza. Kule karibu na Mbau, baba mumoja alikuwa anaogopa bezi ba kakao, akajenga nyumba mulango kubwa inaangalia shamba. Basi jikoni, yenye iko nyuma sawa kwa batu bote, ikaangaliana na kapela, ngambo ya barabara. Na nyuma ya kapela, mulima. Batu balimucheka. Padri akikuja kusoma misa, anasoma na harufu ya sombe, yale majani ya mihogo. Jikoni yenye kuangalia kengele ni moja tu, hakuna ya pili.

Kumbe ule motari alikuwa anapita pale kila juma. Alikuwa anaangalia upande mbaya, juu mi njo nilimutuma upande mbaya.

Mwanamuke munene akaita kwa mwisho wa mustari: "Kuja! Kuja uone kwa yaya yako!"

Akatoka mwanamuke kijana, kichwa imenyolewa, ile ya matanga. Akapangusa mikono kwa kitenge. Akaangalia ndani muda mrefu, mpaka bamama bakaacha kuchagua.

"Jiwe moja ni ndogo," akasema.

"Alipasua mubaya," nikasema. "Ni mutoto."

"Hapana. Lilivunjika. Mi njo nililivunja, na shoka, nikiwa nakaa kwao." Akatosha jicho. "Nani alifanya hii?"

Nikamuambia jina, ile ya nusu ya soko. Nikamuambia kanavyokunja mukeka. Nikamuambia kanavyotosha ulimi. Akakaa chini, juu ya kakao ya patron, na hakuna mutu alimugombeza.

"Tulisha kumulilia," akasema. "Bote ba ile nyumba. Tulisha kumaliza matanga."

"Ni muzima. Anakula vizuri." Kisha, juu sijue kunyamaza, nikasema: "Mama yake njo alikataa tumuweke. Nilimukata, akakataa. Anasema haiko mule."

Ule mama mudogo wa kasichana akaniangalia, akapiga mapaja yake na biganja, mara mbili, pole.

"Namna gani atakuwa mule? Mama yake iko nyuma. Ye anakaaka hapa." Akapiga tena katikati ya magoti. "Toka hapa njo anaangaliaka."

Niliwaza magoti ya mama yangu, na ile mvua.

Nikauliza juu ya mama yake. Akasema toka ile asubui hakuna mutu amemuona, wala muzima, wala mwili. Baba balimuzika. Mama, hapana. Alisema na sauti ya kuomba radhi, sawa ye njo amemupoteza.

Tukashuka pamoja Butembo. Kasichana kalikuwa kwa baraza. Alimuona mama mudogo, akasimama, hakukimbia. Akaangalia nyuma yake, kwa njia, kama kuko mwingine anakuja. Kisha akamuuliza kwa Kinande: mama iko wapi?

"Tutamungojea Beni," mama mudogo akajibu.

Na pale njo akili ilinirudia. Beni. Nilikimbia barabara nzima na kartoni, nikipigana na basoda, nikimutafutia mutu wa damu asiende mbali, na mutu wa damu amekuja kumuondoa. Kumurudisha karibu na ile fasi alitoroka. Nikamushika mama mudogo kando.

"Muache huku. Huku kuko salama kidogo. Mi nitamusomesha."

"Nimuache kwa batu?"

"Sisi ni batu? Sisi ni batu?"

"Niko na chumba moja," akasema, "na ndani tumejaa sawa kakao ndani ya mufuko. Unazani sijue? Mais huyu njo mutu pekee amebakia kwa yaya yangu. Yaya akirudi, ataanza kumutafuta kwangu. Atakuja kwangu, hatakuja kwako."

Nikaenda kutafuta sweta yangu.

Papa wa service akafika, akasikia, akamuandika mama mudogo, akanipatia mukono sawa mutu mukubwa. "Ma fille, umeshinda. Unalilia nini?"

"Moshi," nikasema. Tulikuwa inje, hakuna hata moto.

Asubui ya kuondoka, motari akawasha. Bakapanda: dereva, kasichana katikati, mama mudogo nyuma, magoti yake imemubana katoto pande mbili. Nilimufunga sweta yangu. Nilimupatia sabuni, tukaratasi twa rangi, kole ndani ya kikopo. Nilikuwa na maneno, mi mwenye sinyamazake. Yote yenye ilitoka ni kumupigia motari kelele: "Ukikimbiza ile pikipiki nitakujua! Nakujua sura! Enda polepole, mbwa we!"

"Yaya, hatujaanza hata kutembea," akajibu.

Nilizani kasichana atageuka, apunge mukono. Alikuwa amesha kuinua kasanduku kwa jicho, ameelekeza mbele, kwa barabara. Bakashuka kilima, vumbi ikafunga nyuma yabo.

Miezi ya kwanza mama mudogo alikuwa anapokea simu. Ananipatia mutoto, mutoto anapumua ndani ya simu, anasema "yaya", basi. Kisha habari ya upande ya Mbau ikakuwa mubaya tena, na batu ba Beni bengine bakahama kartie. Toka pale simu haiingie. Nimeenda kwa depo. Ule mwanamuke wa kucheka na mabega haikuwa pale, na bengine balikuwa bapya. Bamotari banajua nawauliza nini mbele sijafungua mudomo. Ule mwenye nilitukana, njo anatafuta kuliko bote.

Batoto banakujaka bado kwa baraza siku ya posho. Siweke tena sheria. Kila mumoja anaanzia fasi anakaaka.

Kama unapita Beni, uangalie. Kuita jina haitasaidia, batageuka bengi. Angalia katoto kenye kako na kartoni ya dawa, tundu mbele, na ndani jiwe moja ndogo kuliko mbili ingine. Muambie yaya wa Butembo anapiga simu kila siku. Muambie namba ni ile ile, sijabadilisha.